Mkono wa Kike

Asubuhi ile mkono wangu wa kuume uliiachia brashi bila kuniomba ruhusa.

Nilikuwa nimesimama katika chumba changu cha kazi, mbele ya picha niliyokuwa naimalizia. Rangi ya samawati ilikuwa mbichi bado kwenye ncha ya brashi. Nikaona vidole vinafunguka kimoja kimoja, polepole, kama vya mtu aliyeshika kitu muda mrefu mno akachoka nacho. Brashi ikaanguka. Nikauangalia mkono, nikauambia, "Okota." Haukuokota. Nikataka kuusemesha kwa ukali, na hapo ndipo nilipogundua kwamba hata lile neno la kwanza halikuwa limetoka. Lilikuwa limefika nyuma ya meno, likasita, likageuka. Maneno mengine yote yakalifuata, yakatoka kichwani mwangu kwa utulivu kama watu wanaotoka kwenye mkutano uliovunjika, wa mwisho akazima taa.

Nilikoamka hakukuwa na majina.

Kulikuwa na kitu cheupe juu yangu. Leo nakiita dari. Siku ile kilikuwa ni kile tu, kipana, kisichodai chochote. Kulikuwa na kitu cha kung'aa chenye maji ndani yake. Kulikuwa na miguu iliyopita, viatu vyeupe, sauti zilizopanda na kushuka kama muziki wa nyumba ya tatu. Wakati nao ulikuwa umevuliwa jina lake: jana ilikaa ubavuni mwa kesho na hazikusalimiana. Mama yangu, aliyefariki zamani, aliingia, akanifunika shuka, akatoka. Nilikuwa mtoto. Nilikuwa mzee kuliko nilivyo. Nilikuwa yule mwanamume aliyelala kitanda cha pili akikohoa. Sikuogopa. Ninalisema hilo kwa kuwa watu huniuliza. Niliogopa baadaye, majina yalipoanza kurudi na mimi nikajua ni mangapi hayajarudi.

Mwanamke mmoja alikuwa amekaa kando ya kitanda. Uso wake niliujua jinsi mtu anavyoijua njia ya kwao, kwa nyayo kuliko kwa macho. Akaniinamia.

"Ni mimi," akasema. "Mgeni."

Nikamhurumia. Nikadhani naye amefika katika nchi ile siku hiyohiyo, kama mimi, na hajui pa kuweka mizigo yake.

"Mimi Mgeni, mkeo," akarudia.

Mgeni ndilo jina lake hasa. Bibi yake ndiye aliyempa, kwa sababu alizaliwa siku ambayo nyumba yao ilikuwa imejaa watu wa harusi. Nimemwoa kwa jina hilo, nimeliita kila siku ya ndoa yetu, mpaka nikasahau kwamba lina maana. Sasa jina lilikuwa limeondoka, ikabaki maana peke yake: mtu aliyetoka mbali. Nikataka kumwambia, "Na mimi pia." Ikatoka, "Ba. Ba. Ba." Akaushika mkono wangu uliokufa, akauweka shavuni mwake, na mimi sikuhisi chochote, nikaona tu kwamba kuna mkono umewekwa kwenye shavu. Kisha akatoka nje akalie mahali ambapo singemwona.

Madaktari walisema ni kiharusi. Walisema pia kwamba nina bahati, na nilikuja kuwaelewa.

Sasa niseme juu ya mfalme. Lugha yetu, ambayo haifanyi mambo bila sababu, mkono wa kulia huuita wa kuume na wa kushoto huuita wa kike. Katika mwili wangu, kwa umri wangu wote, mkono wa kuume ndio uliotawala. Ndio uliokula, uliosalimia, uliopokea zawadi, uliochora, uliotia sahihi kwenye kona ya picha. Wa kike ulipewa kazi za msalani na kazi za kushikilia: shika kopo, shika kitambaa, shika ngazi, nyamaza. Watu walipotaka kumpongeza msanii Hatibu, waliushika ule wa kuume wakautikisa. Na ndani ya chumba cha kazi sheria za mfalme zilikuwa chache: mtu asiingie, mtu asiguse, mtu asiseme neno mpaka picha iishe. Sasa mfalme alikuwa amelazwa juu ya mto, mzito, wa baridi, akihamishwa na wengine kutoka hapa kwenda pale. Nilimtazama kwa saa nyingi. Swali lililonijia halikuwa na maneno, lakini lilikuwa swali, naapa. Nikilivisha maneno leo ni hili: kama ule mkono ndio niliouita mimi, basi huyu anayeutazama ni nani?

Walinirudisha nyumbani, wakanikalisha kwenye kiti cha sebuleni, nikiwa nimeegemezwa mito kulia na kushoto. Na ukutani, mbele yangu, walikuwapo Wajapani.

Hao Wajapani wana habari yao. Miaka kadhaa kabla ya kuugua nilikuwa katika mji mkubwa, mvua ikanikuta barabarani, nikaingia jengo lililokuwa karibu. Lilikuwa jumba la makumbusho, na ndani kulikuwa na maonyesho ya wasanii wa Japani wa siku hizi. Niliingia nikiwa mtu anayekimbia kulowa. Nilitoka walinzi wakinihimiza kwamba wanafunga. Kulikuwa na mfinyanzi kijana aliyeviacha vikombe vyake tanurini mpaka vikalegea, akavipanga rafuni vikiegemeana kama ndugu waliosinzia matangani. Kulikuwa na mwanamke aliyekusanya mashati ya wafanyakazi wa kiwanda kilichofungwa, akayashona yakawa pazia kubwa hata upepo ulikawia kulivuka. Na kulikuwa na bibi mmoja aitwaye Setsuko Amemori. Bibi huyo alivaa buti za mpira, akachovya fagio kwenye wino, akatembea kinyumenyume juu ya kitambaa kirefu akifagia. Basi. Ile njia iliyobaki nyuma ya fagio ndiyo picha yenyewe. Nilisimama mbele yake, machozi yakanitoka kama mtu aliyeitwa kwa jina la utotoni.

Niliporudi nyumbani nilikuwa kama mlevi.

"Mgeni, huwezi kuamini! Kuna watu wanaacha nusu ya karatasi wazi na wala hawaombi radhi!"

"Nusu ya karatasi?" akasema, akiendelea kuchambua mchele. "Na wewe unayemaliza makopo ya rangi kila mwezi, utaweza?"

Sikuweza. Nilikuwa nimenunua kitabu kikubwa cha maonyesho yale, nikakata kurasa zake, nikazibandika sebuleni. Nilizitazama kila siku nikaenda chumbani kwangu kujaza turubai mpaka pembeni. Mgeni alizizoea kama mtu anavyowazoea wapangaji. "Wajapani wako wanataka kufutwa vumbi," alikuwa akisema.

Basi siku moja, Mgeni ananilisha uji, kijiko kiko njiani, macho yangu yakapanda ukutani. Nikamwona bibi mwenye buti. Kitu kikatikisika kichwani, kama mlango uliovimba kwa mvua unaposukumwa.

"A-me-mo-ri," nikasema.

Kijiko kikasimama. "Umesema?"

"Amemori."

Uso wake uliwaka furaha, kwa kuwa nilikuwa nimetamka neno. Akaligeuza neno kinywani mwake akijaribu kujua ni nani kati ya watu wetu. Kisha akafuata macho yangu mpaka ukutani, akasoma jina lililoandikwa chini ya picha. Akakiweka kijiko ndani ya bakuli.

"Nakupikia, nakufulia, nakuogesha kama mtoto mchanga," akasema taratibu. "Usiku naamka kusikiliza kama unapumua. Na jina la kwanza linalokutoka ni la bibi wa Japani?"

Nilitaka kumweleza. Nilikuwa na neno moja tu duniani, nikalitumia tena, nikiwa na maana ya samahani. "Amemori."

Akainuka, akazibandua picha zote. Hakuzichana, hata kwa hasira Mgeni hachani kitu. Alizibandua moja baada ya nyingine kwa kucha, akazilaza kabatini, ukuta ukabaki na miraba iliyofifia. Siku hiyo na iliyofuata nilitazama miraba ile, na nchi isiyo na majina ikanisogelea tena, nikaisikia ikipumua nyuma ya kiti.

Aliyetuokoa ni dada wa mazoezi, jina lake Tunu, ambaye alikuja kuninyoosha viungo. Aliingia, akatazama ukuta.

"Mama, mbona ukuta uko uchi?"

Mgeni akamweleza. Alieleza kwa kicheko, kama kisa cha kuchekesha, lakini katikati sauti ikakatika.

Tunu alikuwa ameushika mguu wangu, akiukunja na kuukunjua. Hakuuachia. "Mama," akasema, "usimpimie mapenzi kwa hilo. Kichwa cha baba sasa hivi ni nyumba iliyoangukiwa na paa. Anatoa kile kilichoangukia karibu na mlango. Vile vya chumba cha ndani kabisa ndivyo vizito kuvitoa."

"Na mimi ndiye niliye chumba cha ndani?"

"Wewe unajua mwenyewe uko chumba gani. Mimi ninachojua ni kwamba amepata upenyo mmoja, na wewe umeuziba."

Jioni Mgeni alizirudisha picha zote ukutani. Ile ya vikombe aliibandika juu chini, lakini vile vikombe vilikuwa vimelala hivi kwamba hakuna aliyeweza kumlaumu. Kisha akafanya jambo ambalo hajawahi kulifanya katika miaka yote ambayo picha zile zimekaa pale. Alivuta kigoda, akaketi, akazitazama.

"Haya," akaniambia. "Hivi vikombe hata chai haviwezi kushika. Ulivipendea nini?" Akangoja kana kwamba nitajibu. "Mashati haya ya nani? Mbona hili lina doa kifuani, kama la kalamu iliyovuja? Maskini, mtu alilivaa kwenda kazini." Akasogea mbele ya bibi mwenye buti. Alimtazama kwa muda mrefu kuliko wote. "Huyu mama anafagia tu, Hatibu. Anafagia!" Akaanza kucheka, kicheko cha kweli hiki. "Nami basi nimekuwa msanii miaka yote hii, na hakuna aliyeniletea hata shada la maua."

Asubuhi iliyofuata alinitoa na kiti changu, akaniweka barazani nipate jua. Akachukua fagio la chelewa, akashuka uani.

Nimeishi katika nyumba hii tangu tulipooana. Ua huo nimeuvuka kila asubuhi kwenda chumba changu cha kazi, kichwa kikiwa tayari kimejaa picha ya siku hiyo. Sikuwahi kuketi. Mfalme hakuwa na muda wa kuketi. Sasa nilikuwa mtu asiye na la kufanya isipokuwa kuwa na macho. Mgeni aliinama, mkono mmoja mgongoni, mwingine kwenye fagio, akaanza kwenye kona ya tangi la maji, akarudi kinyumenyume. Chelewa zikaandika mchangani. Mistari myembamba, mingi, ikipinda pamoja kama nywele zilizochanwa. Alipofika penye mti wa mkomamanga mistari ikagawanyika, ikazunguka shina, ikakutana tena upande wa pili. Penye jiwe la kufulia akainua fagio, pakabaki pembe ya mchanga mtupu, mahali ambapo picha ilivuta pumzi. Kile nilichokikuta mbali katika jumba la makumbusho, nikakililia mbele ya walinzi, kilichorwa mbele ya mlango wangu kila siku ya Mungu, nami nikakikanyaga.

Lakini sikuona haya. Msomaji asidhani naandika hapa kujilaumu. Nilichohisi kilikuwa shukrani, kubwa, ya kijinga, isiyo na anwani. Nilimshukuru bibi wa mbali asiyejua kwamba nipo, kwa kuwa ndiye aliyeniazima macho ya kumwonea mke wangu. Bila yeye ningeona mwanamke anafagia. Na bila mwanamke huyu, yule bibi angebaki kuwa karatasi ukutani. Mmoja alikuwa taa ya mwenzake, na kati yao nimekaa mimi, mtu nusu, nimemulikwa pande zote mbili.

"Mgeni," nikasema.

"Abee?" akaitika kwa mazoea, huku akiendelea kufagia. Akafagia mara mbili, tatu. Kisha mgongo ukanyooka. Hakugeuka upesi. Nadhani aliogopa kwamba akigeuka neno litakimbia.

"Mgeni."

"Nipo," akasema, akiwa amenipa kisogo, na mabega yakimtetemeka. "Nipo hapa."

Baada ya siku hiyo majina yalianza kurudi, hayakupanga foleni. Leo kijiko, kesho mvua, keshokutwa jina la mbwa aliyekufa nikiwa shule. Majina tu. Vitendo vilikataa. Niliweza kusema "maji" lakini si "nipe". Nilikuwa mtu wa dunia iliyosimama, vitu vimejaa na hakuna kinachofanya lolote. Tunu alisema vitendo vitakuja. Mgeni alisema hata visipokuja tutasikilizana.

Ndipo nikaanza kunyoosha kidole. Nilinyoosha mkono wa kike kuelekea fagio, kisha kuelekea ukutani, kisha kifuani mwangu. "Fagio," nikasema. "Kitambaa. Wino."

"Wewe?" akauliza Mgeni. "Kusimama kwenyewe hujaweza."

"Fagio. Kitambaa."

Akamwomba Tunu ushauri, akitumaini atakataa. Tunu akasema, "Mimi kila siku namwomba anyanyue mkono, hataki. Kama kwa fagio atanyanyua, mama, nitamletea mafagio yote ya soko."

Mgeni akashona pamoja vipande vya marekani, akakitandaza kitambaa uani, akakibana kwa mawe pembeni. Akakusanya masizi ya masufuria, akayachanganya na maji na gundi ndani ya ndoo. Wakanisimamisha, Tunu kulia kwangu, Mgeni kushoto. Nikalipokea fagio kwa mkono ule ambao haujawahi kupokea kitu cha heshima. Ulilishika vibaya. Uliona haya kama msichana aliyeitwa mbele ya darasa. Nikauchovya ule mzigo wa chelewa kwenye wino, nikaushusha kwenye kitambaa, nikarudi hatua moja nyuma.

Mstari ukatoka. Ulikuwa mchafu, umepinda, umeanza kwa nguvu ukaishia kwa kusitasita. Nikaupenda. Sikuwa nimejua nini kitatokea, na kwa mara ya kwanza tangu nilipokuwa kijana picha iliniambia jambo ambalo sikuwa nimeiambia mimi.

Hatua ya pili, goti likakunjika. Tunu akalidaka kwapa langu, Mgeni akajitupa mbele, akalishika fagio pamoja nami, mkono wake juu ya wangu, na uzito wetu sote watatu ukaangukia kwenye chelewa. Likabaki doa kubwa jeusi lenye mikia. Tukasimama tukihema.

"Tumeharibu," akasema Mgeni.

Nikatikisa kichwa. Nikarudi nyuma tena, naye hakuuondoa mkono wake. Tukafagia hivyo, yeye akijua mwendo, mimi nikijua mahali. Mara mimi nikijua mwendo, yeye mahali. Sijui kwa hakika ni nani aliyekuwa akichora. Mkono wangu? Wake? Bibi mwenye buti? Shangazi yangu aliyesuka ukili wa mikeka akiacha kosa moja makusudi? Wachora hina, waliojua wapi kiganja kiachwe kitupu? Muuza nyanya wa kwetu, ambaye hukataa kuuza ile ya juu kabisa ya fungu mpaka jioni, eti fungu litakosa uso? Wote walikuwa kwenye lile fagio. Nilikuwa nimewachukulia vitu maisha yangu yote na kuweka jina langu pembeni. Sasa nilikuwa na deni la furaha tu, lile ambalo mtu hulilipa kwa kuendelea kulipokea. Ahsanteni, nilisema moyoni kila chelewa zilipogusa. Ahsanteni kwa vikombe vilivyolegea. Ahsanteni kwa doa la kalamu. Ahsante, mkono, uliyenyamaza miaka yote na hukuninyima ulipoitwa.

Tulipofika mwisho wa kitambaa jua lilikuwa juu ya paa. Wakanikalisha. Tunu akaenda kunawa. Mgeni akasimama kando yangu, masizi mpaka viwikoni, tukaitazama ile njia nyeusi ikianza kukauka. Ilikuwa na mahali peupe pengi. Hatukuomba radhi.

Hapo kuku wa jirani akaruka ukuta.

Alikuwa kuku mwekundu, mnene. Akatua kwenye wino mbichi, akashangaa, akanyanyua mguu mmoja akautazama. Kisha akaanza kukatiza kitambaa, akiacha nyuma yake nyota ndogo nyeusi juu ya sehemu ile ile nyeupe niliyoipenda kuliko zote.

"Shii! Mwanaharamu wee!" Mgeni akavua kandambili, akainua mkono kumrushia. Alikuwa akimfukuza kwa ajili yangu. Alizijua sheria za picha zangu kuliko mtu yeyote.

"Mwache," nikasema.

Kandambili ikabaki hewani. Tunu akachungulia kutoka bombani, maji yakimchuruzika mikononi.

"Umesema nini?"

Nilijisikia mdomo wangu ukivutika upande mmoja, ule ulio hai, na kitu kikipanda kutoka tumboni ambacho kwa muda mrefu sikukijua, mpaka kilipotoka nikasikia kuwa ni kicheko.

"Mwache apite."

Mgeni akaushusha mkono. Kuku akakivuka kitambaa chote bila haraka, akafika ukingoni, akateremka, akaendelea kuchora mchangani mpaka wino ukamwishia.